Gauni Nililoliweka Kabatini

Miaka 11 iliyopita mama mmoja wa Kiingereza aliingia kibandani kwangu, Mji Mkongwe, Unguja, akiwa na haraka. Taksi ilikuwa inamngoja nje. Aliweka magauni mawili mezani, moja la hariri, jingine la pamba, akayaonesha kwa kidole na kusema maneno mengi. Nililolishika ni lile la mwisho, juu ya gauni la hariri: "Take it in." Angerudi Alhamisi.

"Take" nilikuwa nayo tangu skuli: chukua. "In" ni ndani. Nikayachukua yote mawili, nikayatia mfukoni yasipate vumbi, nikayaweka ndani ya kabati.

Alhamisi alipolivaa lile la hariri mbele ya kioo, lilimwanguka mabegani kama pazia. Akaniangalia, machozi yakamlenga. Harusi ilikuwa jioni ile ile, ufukweni. Gauni la pamba aliniachia liwe kipimo. Alitaka la hariri nilipunguze ubavuni lilingane nalo. Nilikaa kwenye charahani bila kuinua kichwa. Nikafumua pande zote mbili, nikabana, nikashona tena, nikapiga pasi. Alilivaa akaondoka, na alinishukuru. Lakini usiku ule sikulala. Nilikuwa na miaka 20 katika ufundi, na hariri ile isingenishinda. Kilichonishinda ni neno la herufi mbili.

Skuli tulipewa maneno hayo kwa orodha: "take off", "take after", "take over", tukariri arubaini kwa mpigo, tukayaacha kwenye chumba cha mtihani. Mimi niliamini Waingereza wanayachanganya makusudi, mgeni ajikwae. Baada ya mkasa wa gauni nikakata shauri: Kiingereza changu kitakuwa cha bei na siku ya kuchukua nguo, basi.

Aliyenigeuza ni binti wa Kijerumani aliyekuwa akisoma Kiswahili. Alileta shati, nikamwambia nitalipiga pasi kisha alifuate saa kumi. Akashtuka. "Fundi, tafadhali usilipige." Nikamvutia kiti. Nikamweleza kuwa tunapiga pasi, tunapiga simu, tunapiga deki, tunapiga mswaki, tunapiga magoti, na hakuna anayeumia. Akaandika. Akaona mkasi mkononi mwangu, akauliza: na kukata je? Nikamtajia: kata kitambaa, kata tikiti, kata kiu, kata rufaa, kata tamaa. Hapo nikanyamaza. Lile gauni la hariri lilinijia machoni. Nilikuwa nimewashitaki Waingereza kwa jambo ninalolifanya mwenyewe kutwa.

Lakini si jambo lile lile hasa, na hapa ndipo nilipohangaika muda mrefu. Kata yetu hupata maana kutokana na jina linalofuata: tikiti, kiu, tamaa. "Take" yao huipata kwa kijineno: "in", "off", "up". Kijineno hicho kwetu kiko wapi? Jibu nililipata siku moja nikifumua mshono. Fuma, fumua. Kunja, kunjua. Funga, fungua. Ziba, zibua. Sauti moja tu ya "u" inapenya ndani ya kitenzi na kazi yote inageuka. Mwingereza "u" hiyo huiweka nje, nyuma ya kitenzi, isimame peke yake. Na sauti yake huielemeza huko. Yule mama alisema "take it" harakaharaka, kisha akaikandamiza "in". Mimi nilisikiliza "take".

Baadaye mteja mmoja, mwalimu mstaafu wa Kiingereza, aliniambia kwamba hata hiyo "take" ni mgeni kwao. Iliingia na mabaharia wa Skandinavia. Kabla yake Waingereza walisema "niman". Akaniambia pia kuwa Samuel Johnson, katika dibaji ya kamusi yake ya mwaka 1755, aliandika kwamba maneno ya kuunganishwa namna hii ndiyo yanayowapa wageni taabu kubwa kuliko yote. Moyo wangu ulitulia kwa hilo. Mwenye lugha alikuwa amekwisha kukiri.

Tangu hapo kurasa za nyuma za daftari langu la vipimo ni za maneno hayo, na siyaandiki kwa orodha ya skuli bali kwa kazi ya mkono. "Take in": punguza ubavuni. "Let out": achia mshono, nguo ipanuke. "Take up": pandisha upindo. "Let down": shusha upindo. Hili la mwisho lina maana nyingine, kumwangusha mtu aliyekutegemea, na nilipoijua nililipigia mstari. Ndilo nililomfanyia yule mama.

Nina mwanafunzi sasa, kijana wa miaka 17. Juzi aliingia mgeni na suruali iliyokuwa ikiburura sakafuni, akaniuliza: "Could you take these up?" Nilikuwa na uzi mdomoni, sikuweza kujibu mara moja. Nilipogeuka, kijana alikuwa tayari amepiga magoti, pini kiganjani, anakunja upindo wa mguu wa kulia na kumtazama mgeni usoni ajue kama umefika.