Safu ya Mama



Mjukuu wangu anasoma elimu ya jamii chuo kikuu. Mwezi uliopita alinijia hapa Ras al Hadd na daftari lake, akitafiti namna akina mama wa nyumba zilizotoka Unguja walivyolea watoto baina ya dini na kabila. Alikuwa na kitabu cha Christine Eickelman, mtafiti aliyeishi na wanawake wa Hamra, upande wa Nizwa, akayachapisha aliyoyaona mwaka 1984. "Babu," akasema, "mama wa Hamra wamo humu. Wa kwetu wameandikwa wapi?"

Swali lilinichoma. Nilikuwa karani miaka thelathini. Madaftari yaliyopita mezani pangu yalikuwa na safu ya jina, ya baba, ya babu na ya kabila. Safu ya mama haikuwamo, wala sikupata kuona kuwa haimo.

Mama alizaliwa Unguja, kwa Waswahili wa madhehebu ya Shafii. Baba alikuwa Ibadhi, asili yake Ibra. Katika sala mama alifunga mikono, baba aliiachia. Msala ulikuwa mmoja. Juzuu Amma nilisomeshwa na mama, akinieleza maana kwa Kiswahili. Yakapita Mapinduzi ya 1964. Sultani Qaboos aliposhika nchi mwaka 1970 akawaita Waomani walio nje, nasi tukaja. Baba alirudi kwao. Mama aliondoka kwao. Sote tukisema "tumerudi", naye akiitikia.

Siku moja, nami kijana mpya wa ofisi, wenzangu walikuja kunizuru. Nilimnong'oneza mama asiseme Kiswahili mbele yao. Alitii. Akaleta kahawa na tende, akawakaribisha kwa maneno mawili ya Kiarabu, akarudi jikoni. Hakulitaja jambo hilo mpaka alipofariki. Mimi sijalisahau.

Nilimhadithia mjukuu wangu, akaandika kimya. Kisha akaniuliza jina kamili la mama. Nikamtajia: jina lake, la baba yake, la babu yake. "Na mama yake?"

Sikulijua.

Jamaa zangu, mnanitumia shajara za nasaba, nami nazipokea kwa shukrani. Safari hii nakuombeni muongeze safu moja, nanyi mwaulize wazee wenu maadamu wapo. Mimi sina tena wa kumwuliza.