Penzi, ada na sushi ya uchochoroni Tokyo

Wadau, kuna dada mmoja wa Kibongo anasoma Tokyo, jioni anaosha vyombo mgahawani. Mwanafunzi mgeni kule haruhusiwi kuzidisha saa 28 za kazi kwa wiki, kwa hiyo kila yeni ina hesabu yake. Mchumba wake, Mbongo pia, akaja na wazo: wavunje kibubu chao wakale sushi Ginza, kwenye zile kaunta ambazo mpishi ndiye anakuchagulia na bili inaweza kuvuka yeni 30,000 kwa kichwa. Jamaa aliiona ile filamu ya Jiro ya 2011, basi kwake nje ya Ginza hakuna sushi.

Dada akagoma. Nyumbani dogo wake alikuwa anasubiri ada. Wakanuniana wiki nzima.

Jumamosi dada akamburuta hadi uchochoro wa nyuma ya stesheni. Kiduka cha viti vinane, pazia mlangoni limepauka, mzee na mkewe, menyu imeandikwa kwa mkono. Seti ya mchana yeni 1,200. Jamaa kakaa kama kapelekwa polisi! Ila harufu ya shombo hakuna, na hiyo ndiyo dalili ya kwanza.

Kumbe mzee naye ananunua Toyosu, soko lililorithi Tsukiji Oktoba 2018. Anachokwepa ni jodari wa bei mbaya, na kodi ya Ginza haimhusu. Ufundi wake uko kwenye wali: una siki ya kiasi na uvuguvugu wa mwili, sio ule wa baridi wa kwenye friji. Halafu kuna kohada, samaki mdogo wa kung'aa, jamii ya dagaa, anayewekwa chumvi kisha siki. Ukizidisha muda, kwisha habari. Wajuzi humpima mpishi kwa huyo. Na sushi hii ya kufinyanga kwa mkono ilianzia kwenye vibanda vya barabarani karne ya 19, Tokyo ikiitwa Edo, chakula cha watu wenye haraka. Ginza ndiyo imekuja baadaye.

Jamaa akachovya wali kwenye soya. Mzee akamshika mkono taratibu, akamgeuzia kipande, samaki ndiye aguse soya. Alipotafuna, simu aliyoiandaa kwa kuposti ikarudi mfukoni. Akaomba kohada nyingine, kisha nyingine tena.

Ada ilitumwa Jumatatu. Ginza bado anaitaja, ila sasa anasema "siku ya ndoa". Dada anamwangalia tu.