Tamaa Hukatwa, Moyo Huvunjika

Sarufi ina kanuni, nahau ina mazoea. Na baina ya hayo mawili ndipo mtahiniwa hodari anapoteleza. Katika KCPE, mtihani uliofanywa nchini Kenya tangu mwaka wa 1985 hadi 2023, swali la sarufi lilifuatwa na majibu manne, mojawapo tu likiwa sahihi. Mathalani, mwanafunzi aambiwe aikamilishe sentensi "Baada ya kushindwa mara tatu, mkulima ali___ tamaa", achague baina ya "vunja", "kata", "tupa" na "zima".

Akiifanya sarufi kuwa mizani yake, majibu yote manne yana uzito sawa. Kiambishi cha nafsi ni sahihi, cha wakati ni sahihi, na kila kitenzi huweza kuchukua yambwa. Kinachomwokoa ni sikio lililozoea kusikia kwamba tamaa hukatwa, moyo huvunjika, njama huliwa, nao moyo uo huo ukipigwa konde mtu hupata ujasiri. Akiuliza kwa nini tamaa isivunjwe, mwalimu hana kanuni ya kumpa. Ndivyo wasemavyo wenye lugha, basi.

Lipo kosa gumu zaidi: nahau huwa kamili lakini mahali pake si hapo. "Idara imepiga hatua dhidi ya wezi wa dawa" ni sentensi isiyomshtua msomaji mwenye haraka. Ilhali kupiga hatua ni kuendelea mbele. Anayekabiliana na wezi huchukua hatua. Katika KCSE, ambapo karatasi ya 102/2 hutenga alama 40 kwa matumizi ya lugha, mwanafunzi aliyekariri orodha ya nahau usiku wa kuamkia mtihani hana kinga dhidi ya kosa hili. Orodha ilimpa maana; haikumwonyesha nahau ikifanya kazi ndani ya sentensi.

Hata hivyo, mwanafunzi asitwikwe lawama zote. "Kukata shauri" ni kuamua, na Wakenya wengi husema "kukata kauli" kwa maana iyo hiyo. Kwa wazee wa pwani, mgonjwa aliyekata kauli ni yule asiyeweza kusema tena, yu karibu na kufa. Mtahini akiziweka zote mbili miongoni mwa majibu manne, atakuwa anapima mahali alipolelewa mtoto, wala si Kiswahili chake.

Yafaa basi mtunzi wa swali ajiulize kwanza kama jibu analolihesabu kuwa kosa ni kosa kwa wasemaji wote. Mwalimu naye awape wanafunzi hadithi, magazeti na mazungumzo ya wazee kabla ya kuwapa orodha. Nahau hukaa sikioni kwanza, ndipo ikafika kalamuni.