Tone Moja la Maji na Uhai wa Motere

Watu wengi hudhani ya kuwa motere ya mazutu hufa kwa ghafula, kama mti uliopigwa na radi. Asubuhi kamio iliondoka ikinguruma vizuri, jioni yavutwa kwa kamba. Basi husemwa kwamba ni bahati mbaya, au kwamba yuko jirani mwenye kijicho. Mimi si fundi wa magari, ni mwalimu tu. Lakini niliona motere moja ikifunguliwa, na tangu siku ile sisadiki tena habari ya kifo cha ghafula. Mara nyingi motere huanza kufa zamani, tone kwa tone, mbele ya macho ya watu.

Kwanza tuutazame moto wenyewe. Rudolf Diesel, mhandisi Mjerumani aliyezaliwa Paris mwaka 1858, alifaulu kuiendesha motere yake huko Augsburg mwaka 1897. Katika motere ya namna hiyo hakuna cheche ya kuwasha. Hewa hubanwa kwa nguvu ndani ya silinda hata joto lake hupita digrii 500, ndipo mazutu hunyunyizwa humo na kuwaka yenyewe. Moto huo hupita digrii 1,500. Sasa fikirini: pistoni nyingi ni za aluminiamu, nayo aluminiamu huyeyuka kwa digrii 660. Mbona basi pistoni hazigeuki uji? Kwa sababu joto halipewi nafasi ya kukaa. Sehemu moja huchukuliwa na mafuta ya motere. Na maji yanayozunguka silinda huchukua robo hata theluthi ya joto lote la mazutu, hulipeleka kwenye radiatere, na upepo hulipokea. Maji hayo ni mpagazi asiyepumzika.

Tena liko jambo moja ambalo sisi wa nchi ya milima yatupasa kulijua. Ufukoni mwa bahari maji huchemka kwa digrii 100. Lakini Bukavu, kwenye kimo cha meta 1,500 hivi, huchemka kwa digrii 95 tu. Motere nayo hufanya kazi vizuri kati ya digrii 80 na 95. Ndiyo maana radiatere ina kifuniko kikaza chenye kuzuia mvuke, ili maji yaweze kupita digrii 110 bila kuchemka. Ukiwapo ufa mdogo, hasara ni mbili: maji hutoka, na mkazo wa mvuke hutoka pia. Kisha maji yaliyobaki huchemka upesi zaidi.

Sasa niwaelezeni niliyoyaona. Miaka ile nilipokuwa mwalimu kijana katika bonde la Ruzizi, wakulima wa mpunga walichanga fedha kwa misimu kadhaa, wakanunua kamio iliyokwisha kutumika. Iliwapelekea mchele na mihogo Bukavu. Safari ile huanza tambarare, kisha hupanda mlima wa Ngomo, na huko motere hutumia nguvu zake zote. Baada ya muda mpira mmoja wa radiatere ulianza kutoa maji mahali pa kibano chake. Kibano kipya kilikuwa na bei ndogo kuliko sahani moja ya wali. Lakini shofere alikuwa na bidoni, na vijito havikosekani njiani. Kila mara alijaza, akasema, “Gari hili lina kiu tu.” Watu walicheka, kamio ikaenda.

Siku moja, katikati ya mlima, mshale wa joto ulipanda sana, kisha ukashuka wenyewe. Shofere alifurahi, akidhani motere imepoa. Kumbe sivyo. Kipimo cha joto sharti kizamishwe katika maji. Maji yakiisha, hubaki hewani, nacho huweza kuonyesha baridi wakati chuma kinaungua. Hazikupita kilometa nyingi, motere ikagonga, ikatoa moshi, ikanyamaza.

Fundi alipoifungua, aliniruhusu kuwaleta wanafunzi wangu wakubwa. Alituonyesha kifuniko cha silinda, kilichotengenezwa kwa aluminiamu, jinsi kilivyopindika. Kwa joto lile lile aluminiamu hutanuka kama mara mbili kuliko chuma kilicho chini yake, kwa hiyo havikupatana. Gasketi iliyowekwa kati yao ilikuwa imeungua. Kwa njia ile maji machache yaliyobaki yaliingia katika mafuta, yakayageuza rangi ya chai ya maziwa. Mafuta ya namna hiyo hayalindi tena beringi. Mhimili mkubwa ulikuwa umekwaruzwa kote. Pistoni mbili zilianza kuyeyuka pembeni. Mpira uliokuwa ukitoa maji ulikuwa mzima, ila kibano chake kimelegea.

Siku ya pili tulifanya hesabu ubaoni. Tone moja kila sekunde ni matone 86,400 kwa siku. Matone 20 hivi hufanya sentimeta moja ya ujazo. Msichana mmoja, hodari kuliko wote katika hesabu, alipata jibu wa kwanza: lita 4 na zaidi kwa siku moja, lita 30 kwa juma. Kamio nyingi hazina maji mengi kupita hayo katika motere na radiatere yake. Darasa lote lilinyamaza. Twasema haba na haba hujaza kibaba. Watoto wale waliona ya kuwa haba na haba humaliza pipa pia.

Wakulima hawakuweza kununua motere nyingine. Mchele wao wakauza palepale kwa bei waliyoitaka wachuuzi. Wakati ule ulikuwa kabla ya mwaka 2019, masomo ya shule za msingi za umma yalipokuwa hayajafanywa kuwa bure, na wazazi walilipa karo. Muhula uliofuata watoto wanne wa wakulima hao hawakurudi, na yule msichana alikuwa mmoja wao. Jina lake lilibaki katika daftari langu bila alama mbele yake hata mwisho wa mwaka.

Wengine watauliza: kama maji yaongezwa kila siku, hatari iko wapi? Hatari iko pia katika maji yenyewe. Maji ya rangi yanayouzwa kwa ajili ya radiatere yana dawa. Kwetu hakuna barafu ya kugandisha motere, kwa hiyo wengi huona dawa hiyo ni ya nchi za baridi tu. Lakini huzuia kutu pia. Tena katika motere nyingi za kamio silinda hutikisika, na vipovu vidogo hupasuka juu ya ukuta wake wa nje, vikiuchimba kidogo kidogo mpaka utoboke. Dawa huulinda ukuta huo. Kila bidoni ya maji ya kijito huipunguza nguvu, na huleta matope na chokaa katika njia nyembamba za radiatere.

Basi, ninyi wenye magari, na ninyi wenye vinu vya unga na mitambo ya umeme, pimeni maji kila asubuhi, motere ikiwa baridi. Msifungue kifuniko motere ikiwa na moto, maana mvuke huunguza uso. Msitazame chini tu, kwa kuwa tone likiangukia chuma chenye moto hukauka kabla ya kufika ardhini. Tafuteni alama nyeupe au ya rangi kwenye mipira na pampu. Motere ikichemka, izimeni, ingojeni ipoe. Maji baridi juu ya chuma chenye moto hukipasua. Na mkiona ya kuwa leo mmeongeza maji, na kesho mmeongeza tena, msiseme gari lina kiu. Tafuteni yanapotokea, siku hiyo hiyo, kabla ya kupakia mzigo.