Mwalimu wa Darasa la Jirani

Nimefundisha tangu mwaka 1976 hadi nilipostaafu mwaka 2018, karibu muda wote huo katika wilaya ya Iramba, mkoani Singida. Watu wakiniuliza nilisomea wapi ualimu, humtaja kwanza mratibu elimu wa kata yetu na baiskeli yake, halafu mwalimu aliyefundisha chumba cha pili. Chuo cha Ualimu Kinampanda nakitaja mwisho, kwa sababu ndiko nilikokwenda mwisho, kwa wiki chache tu, nikiwa tayari nimekwisha kufundisha.

Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilitaka kila mtoto aliyefikia umri wa shule awe darasani ifikapo mwaka 1977. Walimu wa kutosha hawakuwapo, na vyuo visingeweza kuwatoa kwa muda mfupi namna ile. Serikali ikaamua kuwachukua vijana waliomaliza darasa la saba, wafundishe huko huko vijijini huku wakijifunza kazi kwa masomo ya posta, kwa vipindi vya redio na kwa kusimamiwa na waratibu wa kata. Ndivyo nilivyoingia, binti wa miaka kumi na saba, nikapewa darasa la kwanza. Tukaitwa walimu wa UPE, yaani wa mpango wa elimu ya msingi kwa wote, na kwa miaka mingi jina hilo limetamkwa kama tusi. Mimi nalitetea. Walimu wengi wa mpango ule walitelekezwa, ni kweli, na watoto wao wakaumia. Lakini pale mratibu alipofanya kazi yake, mpango ulikuwa na kitu ambacho mipango mingi iliyofuata ilikikosa: kulikuwa na mtu aliyekuja kukutazama unavyofundisha, akarudi tena kuona kama umebadilika.

Wetu alikuja na baiskeli ya Phoenix, mguu mmoja wa suruali umebanwa kwa kibanio ili usishikwe na mnyororo. Aliketi dawati la nyuma, magoti yakimfika kifuani, asiseme neno mpaka kengele ilie. Kisha alinitoa nje chini ya mkwaju tukaketi. Hakuanza na andalio la somo wala nguzo zake. Aliniambia, “Binti, maswali yako ni mazuri, ila unayajibu mwenyewe. Ukiuliza, hesabu moyoni mpaka tano ndipo ufungue mdomo.” Halafu akanieleza kuhusu mtoto mmoja wa dawati la tatu, anayenakili kwenye daftari la mwenzake bila kuinua macho ubaoni hata mara moja. “Yule hasomi ubao, haoni. Mlete mbele.” Mengine alisema hayana haraka. Aliporudi, kitu cha kwanza alichokitazama ni yule mtoto ameketi wapi.

Ukuta kati ya darasa langu na la pili haukufika kwenye paa. Upande wa pili alifundisha mzee mmoja aliyesomea Mpwapwa zamani za mkoloni, na somo lake lote lilinifikia. Nilisikia anavyoshusha sauti watoto wakipiga kelele, badala ya kuipandisha. Nilisikia anavyorudia jibu la mtoto neno kwa neno, hata likiwa si sahihi, kisha anauliza wengine wanaonaje. Saa za jioni nilimfuata na shajara yangu, naye akanisomea kila mstari. Hakuna aliyempangia kazi hiyo, hakulipwa kwayo, na jina lake halimo kwenye ripoti yoyote. Nusu ya ualimu wangu imetoka kwake.

Miaka iliyofuata niipite haraka. Nilipata daraja la C la ualimu, nikasoma usiku nikafanya mtihani wa maarifa, nikafanya kidato cha nne, nikapanda hadi daraja la A. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 nilikuwa mwalimu mkuu.

Ada ya shule za msingi ilipofutwa, na Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, ukaanza mwaka 2002, watoto walitufurikia. Darasa la kwanza lilikuwa na wa miaka saba na wa miaka kumi na miwili kwenye mkeka mmoja. Ndipo mafunzo ya daraja la A yalipopangwa kuwa mwaka mmoja chuoni na mwaka mmoja shuleni, na mwaka huo wa pili mwanachuo awe chini ya mwalimu mlezi. Niliposoma waraka nilifurahi sana, maana niliona sasa kile nilichokipata kwa bahati kimeandikwa kiwe haki ya kila mwalimu mpya. Kwenye karatasi ulikuwa mpango mzuri kuliko wote nilioufanyia kazi. Shuleni mambo yalikuwa mengine. Mwanachuo alifika, tukamhesabu kama mwalimu kamili siku hiyo hiyo kwa sababu kulikuwa na madarasa hayana mtu. Mlezi wake naye alikuwa na vipindi vyake tangu asubuhi hadi mchana. Wangeonana saa ngapi? Wakufunzi kutoka vyuoni walifika mara chache, nao wakiwa na haraka ya kujaza fomu. Nilichoweza kufanya ni kuunganisha madarasa mawili kwa baadhi ya vipindi, ili mlezi na mwanachuo wasimame chumba kimoja. Wazazi walinung’unika kuona watoto wamebanana namna ile. Niliwaeleza kwenye mkutano wa shule kwamba tunamtengeneza mwalimu atakayefundisha wajukuu wao, na wengi walinielewa.

Kisha zikaja shule za sekondari za kata. Serikali ya Awamu ya Nne, Edward Lowassa akiwa Waziri Mkuu, ilizisukuma kwa nguvu, na ya kwetu ilianza katika vyumba viwili vya shule yangu ya msingi huku wananchi wakifyatua matofali ya majengo yake. Walimu wakapatikana kwa leseni. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 iliruhusu mtu ambaye hajasajiliwa kuwa mwalimu afundishe kwa leseni, kwa hiyo vijana waliomaliza kidato cha sita walipewa mafunzo ya mwezi mmoja hivi wakatawanywa nchi nzima. Mitaani wakabatizwa “voda fasta”, kwa ile huduma ya kuongeza salio la simu chapuchapu. Jina hilo liliniuma. Watoto waliliimba wakiwa wamesimama paredi, na mwalimu wa zamu yumo miongoni mwa wanaoimbiwa.

Kwetu waliletwa wawili. Mmoja alipewa fizikia na hisabati, kijana mwembamba wa umri wa mwanangu wa pili. Alijua somo lake, hilo halikuwa na shaka. Nilimwomba ruhusa nikaketi nyuma, kama nilivyoketiwa mimi. Aliandika ubao ukajaa, akafuta, akajaza tena, yote kwa Kiingereza, na wanafunzi waliotoka darasa la saba miezi michache tu nyuma wakanakili herufi moja moja. Kipindi kizima hakuna mwanafunzi aliyetamka neno. Fizikia mimi siijui kiasi hicho, lakini ukimya ule niliujua. Tulipotoka nilimuuliza somo la kesho ni lipi. Akasema, “Ni densiti, Mama.” Nikamtuma kwangu kuchukua mayai mawili, chumvi na mabakuli ya kioo, Singida kuku hatuna shida nao. Asubuhi akatumbukiza yai moja kwenye maji matupu, likazama. La pili akaliweka kwenye maji aliyokoroga chumvi nyingi, likaelea. Akauliza kwa nini, akanyamaza. Niliona vidole vyake vikihesabu nyuma ya mgongo. Msichana mmoja akajibu kwa Kiswahili kwamba maji ya chumvi ni mazito. Kijana akarudia jibu lake lilivyo, kisha akaandika ubaoni sentensi moja ya Kiingereza juu ya jambo ambalo darasa zima lilikuwa limekwisha kuliona.

Mshahara wake ulichelewa miezi. Nilimpa chumba, nikamdhamini dukani kwa unga na mafuta ya taa. Nasisitiza jambo hili kwa sababu kwenye miongozo ya ulezi wa walimu sijawahi kulikuta: kijana mwenye njaa hawezi kusikiliza ushauri kuhusu andalio la somo. Huyo alibaki. Katika kata nyingine, binti aliyekuja na leseni ileile alipelekwa shule ambayo mkuu wake alikuwa safarini kila mara, akafundisha masomo matatu bila mtu wa kumuuliza chochote, na kabla ya muhula wa pili alifunga sanduku akarudi kwao. Alikuwa na alama nzuri kuliko wa kwetu.

Mwaka niliostaafu ilipitishwa sheria ya kuunda Bodi ya Kitaaluma ya Walimu, na mjadala wote niliousikia ulikuwa juu ya leseni na ada yake. Baadaye yakaja Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, MEWAKA, ambapo walimu hukutana shuleni kwao katika jumuiya za ujifunzaji na kujadili wanavyofundisha. Hayo nimeyapokea kwa moyo wote. Nimealikwa kuketi na jumuiya kama hizo, na tatizo ninaloliona ni lile lile la mwaka 2002: hukutana baada ya vipindi, watu wamechoka, ratiba ya mlezi haijapunguzwa hata kipindi kimoja.

Yule kijana wa mayai alikwenda chuo kikuu, akasajiliwa, na leo ni mkuu wa shule ya sekondari katika wilaya nyingine. Alinipigia simu muhula uliopita. Amepokea mwalimu mpya wa kemia, amemkabidhi kwa mwalimu mzoefu, na vipindi vya hisabati vya huyo mlezi vya Jumatano na Alhamisi amevichukua yeye mwenyewe. Alitaka kujua kama siku mbili kwa wiki zinatosha. Nilimwambia kwa muhula wa kwanza aongeze ya tatu.