Vinavyopita Juu ya Rufiji

Mwalimu mmoja wa hesabu wilayani Kibiti alikuwa na desturi ambayo majirani zake hawakuielewa. Jua lilipokuchwa, na watu walipokuwa wakirudi majumbani, yeye alitoka. Alichukua kamera ya mtumba aliyoinunua Kariakoo, stendi ya miguu mitatu, daftari, na simu yenye saa sahihi. Alishuka mpaka kwenye mashamba ya mpunga yanayopakana na mikoko, akasimamisha kamera kando ya dungu la bibi mmoja aliyeamia shamba lake kwa hofu ya nguruwe, akaielekeza juu na kungoja. Hakuwa mganga wala mwindaji. Alikuwa akivizia setilaiti.

Kazi hiyo ina wepesi wa kusimuliwa na ugumu wa kutendwa. Setilaiti haina nuru yake yenyewe. Jua likisha kuzama kwa mtu aliye ardhini, bado humulika kitu kilicho juu kilometa mia tano, nacho huonekana kama nyota inayotembea. Rufiji iko karibu digrii nane kusini ya ikweta, na huko jua hutumbukia wima, giza likaja upesi, na nafasi ya kuona ikawa fupi: tangu saa moja na robo usiku mpaka saa mbili hivi, kisha tena kabla ya alfajiri. Katika nafasi hiyo jicho la kamera hufunguliwa kwa sekunde kumi. Nyota hubaki kama nukta, na setilaiti huchora mstari. Mwanzo wa mstari ni mahali kitu kilipokuwa jicho lilipofunguka, na mwisho wake ni mahali kilipokuwa lilipofumbwa. Kwa kuwa mahali pa nyota panajulikana, mstari hupimwa kwa kulinganishwa nazo. Na vipimo vya usiku kadha wa kadha vikiwekwa pamoja, njia nzima ya kile kitu kuizunguka dunia huweza kuhesabiwa.

Ugumu uko katika saa. Setilaiti za chini huenda zaidi ya kilometa saba kwa kila sekunde, basi mtu akikosea sekunde moja amekwisha kuihamisha setilaiti yake kutoka kijiji kimoja hadi kingine. Mwalimu aliishi mahali ambapo basi likichelewa saa mbili halimtoi mtu jasho, naye mwenyewe alisifika kwa kuchelewa arusini. Lakini shambani usiku aligombana na sehemu ya kumi ya sekunde kama mtu aliyedhulumiwa fedha.

Hakuwa wa kwanza katika mapenzi hayo. Mwaka 1956, hata kabla Sputnik haijarushwa tarehe 4 Oktoba 1957, watu wa kawaida walianza kuandikishwa katika mpango wa Marekani ulioitwa Moonwatch, nao waliendelea kutazama na kuandika mpaka mwaka 1975. Mwaka 1966 wanafunzi wa Kettering, Uingereza, pamoja na mwalimu wao Geoffrey Perry, walitambua kwa redio na hesabu kuwa Warusi walikuwa na kituo cha kurushia roketi huko Plesetsk ambacho hawakukitangaza. Pwani yetu nayo ina sehemu yake katika habari hizi. Palikuwa na kituo cha Wamarekani Tunguu, Unguja, kilichofuatilia safari ya John Glenn tarehe 20 Februari 1962, kikafungwa mwaka 1964. Palikuwa na majukwaa ya Waitaliano baharini karibu na Malindi, ambako tarehe 12 Desemba 1970 ilirushwa setilaiti iliyopewa jina la Uhuru. Pwani ilitoa mahali na hata jina; daftari la hesabu lilikaa kwingine.

Na delta ya Rufiji inajua kutazamwa kutoka juu. Mwishoni mwa mwaka 1914 manowari ya Wajerumani, Königsberg, ilijificha katika mikono ya mto huo, nyuma ya mikoko isiyopenywa na macho ya mtu aliye baharini. Waingereza walileta ndege kuitafuta, zikaiona. Na tarehe 11 Julai 1915 mizinga ikaiangamiza, huku mtu aliye angani akiwaambia wapigaji risasi zao zilikoanguka. Mwalimu alipenda kuwasimulia wanafunzi wake habari hiyo, kisha akaigeuza. Leo, alisema, manowari zinazojificha ziko juu, na mtu aliye mikokoni ndiye anayezitafuta. Hayo si mzaha mtupu. Marekani hutangaza njia za maelfu ya vitu vya angani, lakini za setilaiti zake za upelelezi haitangazi. Zinajulikana kwa sababu watu wenye kamera nyumbani kwao hupima na kupashana habari. Wengi wao wako Ulaya na Amerika ya Kaskazini. Afrika ni wachache mno.

Lakini alianza mwaka 2018, na huo haukuwa wakati mwema wa kusimama gizani na chombo kisichojulikana. Mwaka mmoja tu ulikuwa umepita tangu Aprili 2017, polisi wanane walipouawa kwa siku moja, na viongozi wa vijiji walikuwa wamekwisha kupigwa risasi milangoni pao. Pikipiki zilikuwa zimekatazwa kutembea usiku. Watu walijifunza kufunga milango mapema na kutouliza. Hapo ndipo mwalimu alipokosea: aliidhani elimu yake kuwa ni kibali cha kutosha. Usiku wa nne alifuatwa na vijana wenye mapanga, akachukuliwa mpaka kwa mwenyekiti wa kitongoji, na kamera yake ikawekwa juu ya mkeka kama ushahidi wa mauaji. Alieleza nyota, alieleza jua, alieleza sekunde. Kadiri alivyoeleza ndivyo alivyozidi kutiliwa shaka. Aliyemwokoa ni bibi wa dungu, aliyeitwa kutoka shambani na kufika na fimbo yake.

“Huyu hatazami nyumba ya mtu,” alisema. “Nimemwangalia siku zote nne. Anatazama juu tu, kama kuku anayekunywa maji.”

Walicheka, na kicheko kikamfungulia njia. Mwenyekiti alimpa masharti mawili: aage kila jioni kabla ya kwenda, na avae kanzu nyeupe ili aonekane kwa mbali. Aliyashika yote mawili, na yalimfaa kuliko barua yoyote.

Bibi mwenyewe alikuwa na elimu yake juu ya mbingu. Alijua Kilimia na majira yake. Vimondo alifundishwa utotoni kuwa ni vijinga vya moto, ambavyo malaika huwatupia mashetani wanaotega masikio kusikiliza habari za mbinguni. Mwalimu alimwambia kuwa vingine ni mabaki ya roketi yanayoungua yakirudi. Bibi alifikiri, akajibu kwamba hakuona tofauti kubwa: bado mtu alikuwa amekwenda kudukua, na bado moto ulikuwa unashuka.

Tarehe 30 Desemba 2024 pete ya chuma ilianguka katika kijiji cha Mukuku, kaunti ya Makueni, Kenya. Upana wake ulikuwa mita mbili na nusu, na uzito kama kilo mia tano. Haikumwua mtu. Shirika la Anga la Kenya lilisema kuwa ni pete ya kutenganishia sehemu za roketi. Marco Langbroek wa Uholanzi, mmoja wa watazamaji hao wenye kamera, alipitia hesabu za vitu vilivyotazamiwa kuanguka siku ile, akapendekeza kipande cha roketi ya Ariane iliyorushwa Julai 2008. Mtaalamu mwingine alitia shaka hata kama pete imetoka angani, kwa kuwa haikuonyesha kuungua ipasavyo.

Habari hiyo ilifika dunguni kwa redio. Bibi alimngoja mwalimu jioni ile na swali moja.

“Kikiniangukia mimi hapa, mwanangu, nitamdai nani?”

Mwalimu alilijua jibu la kitabuni. Mkataba wa mwaka 1972 unasema kuwa dola iliyorusha chombo ndiyo ilipayo hasara yake ardhini, bila kutafutwa kosa. Mwaka 1978 setilaiti ya Kirusi yenye nyuklia, Cosmos 954, ilianguka kaskazini mwa Kanada, na mwaka 1981 Warusi wakakubali kulipa dola milioni tatu za Kanada. Lakini Kanada ilijua kitu kile kilikuwa cha nani. Bibi angedai kwa jina gani?

Tangu usiku ule alibadili mawindo. Aliziacha setilaiti za upelelezi, ambazo ndizo zenye sifa, akaanza kutafuta vipande vya roketi zirushwazo Guiana ya Ufaransa, jirani ya ikweta. Vingi vyavyo huizunguka dunia bila kwenda mbali na mstari huo: huenda juu sana, kisha hurudi chini mpaka kilometa mia mbili au tatu. Vinapokuwa chini hivyo, mtu wa Leiden hawezi kuviona hata akikesha, maana mviringo wa dunia umemziba. Mtu wa Rufiji anaweza. Ni vigumu, vinakwenda mbio, na mara nyingi vimo katika kivuli cha dunia. Miezi mitatu ya kwanza alipata mistari miwili tu, na mmoja ulikuwa ndege iliyokuwa ikienda Dar es Salaam.

Masika yalipoingia, mawingu yalitanda wiki nzima. Siku ya nane palipasuka nafasi upande wa baharini, juu ya Mafia. Mwalimu alikwisha kuaga kwa mwenyekiti na kanzu yake imelowa mpaka magotini. Alifungua jicho la kamera. Juu ya dungu bibi aliacha kugonga debe ili asimvuruge, na nguruwe, kama walioambiwa, wakaingia upande wa pili wa shamba.

“Kimepita?” aliuliza.

“Kimepita kitu.”

“Cha nani?”

Mwalimu aliandika saa, dakika na sekunde, kisha akaandika na sehemu ya kumi. Bibi alishika debe lake tena.