Mkwaju Hakufika Dodoma

Krismasi ya 1994 binamu zangu walikuja kutoka Morogoro na jina moja mdomoni: Mkwaju. Mwanamume akigeuka kumtazama mwanamke barabarani, wanaguna, "Mkwaju huyo." Mjomba akichelewa kurudi jioni, "Kina Mkwaju." Sisi wa Dodoma tulibaki kukodoa macho. Redio tulikuwa nayo, National ya baba iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli tangu mfuniko wa betri upotee, na Radio Tanzania ilisikika nyumbani kutwa. Mkwaju hatukumjua.

Sababu niliijua nikiwa mtu mzima. Mkwaju alikuwa dereva wa lori katika mchezo wa redio wa Twende na Wakati ulioanza 1993, mtu wa wanawake wengi safarini, na mkewe Tunu akihangaika na watoto nyumbani. Mchezo ulibeba mafunzo mawili makubwa: kujikinga na UKIMWI, na uzazi wa mpango. Mikoa mingine iliusikia. Kituo cha Dodoma kilipangiwa kurusha vipindi vingine saa hiyo, kwa makusudi, hadi 1995, ili watafiti, akiwamo Mmarekani Everett Rogers, wapate mahali pa kulinganisha. Wakakuta mikoa iliyosikiliza imetuacha nyuma katika kutumia uzazi wa mpango, na mchezo ulipofunguliwa kwetu, nasi tukaanza kupanda. Mdogo wetu wa mwisho alizaliwa katika miaka hiyo hiyo. Sidai kwamba redio ilihusika, ila hadi leo tunamwita mtoto wa utafiti, na mama huwa anacheka kuliko sote.

Mama hakuhitaji Mkwaju kumwambia kitu. Kadi yake ya kliniki ilikaa kwa jirani, chini ya vitenge ndani ya sanduku, na kila miezi mitatu walitoka pamoja "kumwona mgonjwa". Alichagua sindano kwa sababu vidonge vinaonekana. Ukutani mwa kliniki palikuwa na picha ya nyota ya kijani, alama ya uzazi wa mpango, na mabango ya wakati huo yalikuwa na picha ya baba, mama na watoto wawili, wote wamenyooka na viatu miguuni. Swali la kwanza la nesi lilikuwa, "Mumeo anajua?" Jirani ndiye aliyemfundisha jibu: ndiyo, yuko safarini. Baba, karani wa reli, alikuwa ofisini kwake, mwendo wa dakika chache kutoka hapo.

Baba alipingana na jambo hili kwa hoja, si kwa hasira. Alisema wazungu wametuhesabia ng'ombe, sasa wanataka kutuhesabia watoto. Aliyemnyamazisha ni balozi wetu wa nyumba kumi, mzee wa chama, jioni moja barazani. Alimkumbusha kwamba Mwalimu Nyerere mwenyewe, akitangaza mpango wa maendeleo wa miaka mitano mwaka 1969, aliwaambia Watanzania wafikirie kama wataweza kuwalea watoto kabla ya kuwazaa. Tena kwamba chama cha uzazi bora, hiki cha UMATI, mizizi yake ni ya 1959, kabla hata ya uhuru. Baba hakukubali, lakini hakuzungumzia tena ng'ombe. Baada ya mchezo kufika Dodoma alianza kuusikiliza, akisema anafuatilia habari za lori. Na siku moja, bila kuulizwa, alimwambia mama kadi airudishe nyumbani, kwa jirani itapotea. Kumbe alikuwa anajua siku zote.

Ndivyo jambo lilivyopenya katika nyumba nyingi nilizozijua: taratibu, kwa heshima, likiwa limevishwa pete ya ndoa. Liliitwa afya ya mama, nafasi ya mtoto, uchumi wa familia. Sera ya idadi ya watu ya 1992 ilipopita, mashekhe na mapadri walikuwa na mengi ya kusema, lakini picha ya baba, mama na watoto wawili ilikuwa ngumu kuitukana. Utafiti wa afya ya uzazi wa 1991/92 ulikuta chini ya wanawake 10 katika kila 100 walioolewa wakitumia njia ya kisasa. Wa 2015/16 ukakuta 32. Picha ile ilifanya kazi yake. Tatizo ni nani hakuwemo ndani yake.

Nilikwenda sekondari ya bweni. Kila tukitoka likizo, wasichana tulipangwa mstari nje ya chumba cha matroni kupimwa mimba, tukaingia mmoja mmoja, tukalala kitandani na sketi imelegezwa, vidole vyake vikabonyeza chini ya kitovu huku akitazama dirishani. Mikono yake ilinukia sabuni ya Mbuni. Wavulana wakati huo walikuwa uwanjani wanacheza mpira, hakuna aliyewabonyeza popote. Muhula mmoja msichana wa bweni letu alitoka chumbani humo akapitiliza moja kwa moja kwenye sanduku lake la bati. Mlinzi alimsaidia kulibeba hadi getini. Chakula cha mchana tulikula kama kawaida.

Darasani, mwalimu wa baiolojia alifundisha uchavushaji wa maua kwa wiki nzima, na mchoro wa ua alituchorea kwa chaki za rangi. Ilipofika mada ya uzazi wa binadamu alituambia tukasome wenyewe, maana mtihani huwa hauzidishi swali moja. Tukajua kutamka majina ya Kiingereza ya mirija yote, na hakuna aliyejua kuhesabu siku zake. Bibi zetu wa Kigogo, walioingia unyagoni, walikuwa wameambiwa zaidi yetu.

Aliyeogopa kitanda cha matroni alitafuta njia nyingine, na wote tulijua duka la dawa lipi halifungwi mapema. Kanuni ya Adhabu inampa anayetoa mimba ya mwanamke kifungo cha hadi miaka 14, na mwanamke mwenyewe hadi 7. Upasuaji wa kuokoa maisha ya mama ndio unaosamehewa. Sheria hiyo tuliachiwa na Mwingereza. Haijawahi, kwa ninavyoona, kumzuia msichana. Imemfanya achelewe kufika hospitali. Asiyetaka mimba zitolewe ana kila sababu ya kupigania zile zisizotarajiwa zisitungwe, na bado wengi wanaopaza sauti juu ya la kwanza ndio wanaozima mazungumzo juu ya la pili. Hapo huwa siwaelewi.

Halafu upepo ukageuka hata kwa wenye pete. Juni 2017 Rais Magufuli alisema mwanafunzi aliyezaa hatarudi shule ya serikali. Septemba 2018, akiwa Meatu, akawataka wanawake waachane na uzazi wa mpango, na siku chache baadaye Wizara ya Afya ikasimamisha matangazo ya uzazi wa mpango ya redio na runinga. Kliniki ziliendelea na kazi, ila kwa sauti ya chini. Dada yangu alinisimulia wanawake wakiulizana kwenye benchi kama sindano bado ni halali. Mama, mwenye wajukuu sasa, alisema kwamba kama ni kadi, sanduku la jirani bado lipo.

Novemba 2021 katazo la wanafunzi waliozaa likaondolewa, ukafuata Waraka wa Elimu Na. 2 wa mwaka huo, wa kuwarudisha shuleni. Zanzibar walikwisha kuwaruhusu wasichana wao zaidi ya miaka kumi kabla. Utafiti wa 2022 ukaonyesha matumizi ya njia za kisasa kwa walioolewa yako 31 kwa 100, yaani tulipoachia ndipo tulipo, na kati ya wasichana 100 wa miaka 15 hadi 19, 22 walikuwa wamezaa au ni wajawazito.

Mwongozo wa taifa wa 1994 ulikwisha kusema huduma ni ya kila aliye katika umri wa kuzaa, awe na ndoa au asiwe nayo. Sijapata kuuona ukutani mwa kliniki yoyote. Wewe mwenye binti, siku ya kikao cha wazazi muulize mkuu wa shule mambo mawili: kama waraka wa 2021 anao ofisini, na mada ya uzazi inafundishwa na nani.